Shangazi, sebule yangu imegeuka bweni la watu wa Kigoma, nifunge mlango?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Samahani barua itakuwa ndefu, naandika kwa simu usiku huu wote wamelala, na humu ndani watu wakilala ni shughuli maana kwenda chooni tu inabidi niruke miguu ya watu. Mi nina miaka 38, nina mke na watoto watatu, ni fundi wa kuchomelea, mageti, madirisha ya grili, vitanda vya chuma, fremu yangu iko huku Mbagala. Kwetu ni Kasulu, mkoa wa Kigoma.

Dar nilikuja 2006 kwa treni ya reli ya kati. Niliambiwa kuna ndugu yetu yuko Tandika, kufika Tandika naambiwa huyo alishahama zamani na hakuna anayejua kaenda wapi. Basi maisha yakaanza hapohapo. Nimelala kwenye mabaraza ya maduka, nimebeba zege, nimesukuma mkokoteni wa maji, nimedhulumiwa hela ya kibarua na mtu anakuangalia usoni kabisa anakwambia kashtaki popote. Na lafudhi yangu ilikuwa nzito, nikifungua mdomo tu "we Mrundi we", hata kwenye ofisi moja nilipokuwa nafatilia kitambulisho nikaulizwa babu yako kazikwa wapi, nikataja, nikaambiwa rudi kalete barua ya kijijini, na nauli ya kurudi Kasulu ndo hivyo sina. Hilo suala lilinila miaka Shangazi, bila kitambulisho huwezi hata kusajili laini kwa jina lako.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa Kizaramo alikuwa na karakana yake uchochoroni. Hakuwa mtu wa maneno. Nililala humohumo karakanani nalinda mashine, hela ya kula ananipa, mshahara hakuna, ila alinifundisha kila kitu, kukata, kuunga, kupima, mpaka kukadiria vyuma kichwani kabla mteja hajamaliza kueleza anachotaka. Alivyofariki watoto wake wakauza vitu, mi nikachukua mashine moja nikawa nawalipa kidogokidogo mpaka ikawa yangu.

Sasa siku nilipopata fremu nilijiapia hakuna mtoto wa kwetu atakayelala barazani hapa mjini mi nikiwepo. Na nimetimiza. Nimechukua vijana, ndugu na wasio ndugu, wamelala kwangu wamekula kwangu, mmoja sa hivi yuko Dodoma anapiga kazi vizuri tu, mwingine karudi Kasulu kafungua karakana yake. Ila nimezidiwa. Nyumba ni vyumba viwili na sebule, sebuleni wamelala vijana watano, binti yangu yuko darasa la saba akitoka shule anajifungia chumbani mpaka asubuhi maana hana pa kupita. Mke wangu ni mtu wa Morogoro, mvumilivu sana, ila juzi kasema mwisho wa mwezi kama sebule haijaachwa wazi anaondoka na wanae. LUKU inakwisha kama naichoma moto, mchele usiseme. Nikaanza kukopa kwenye zile aplikesheni za simu, hizi za kausha damu, nimechelewa kurejesha wakatuma meseji kwa namba zote kwenye simu yangu kwamba mi ni tapeli, mpaka wateja, mpaka shemeji. Mke nikamwambia simu ilidukuliwa.

Na kuna kinachoniuma kuliko vyote. Kijana mmoja nilimpokea hajui hata kushika grinda, nikamfundisha mpaka akawa fundi kweli, mwaka huu kafungua fremu yake ng'ambo ya barabara tunatazamana. Bei kashusha. Kuna shule ilikuwa inanipa kazi zake zote, oda ya madirisha imeenda kwake. Nimeacha hata kumsalimia.

Nyumbani nako nilimwambia mama mdogo asitume tena mtu, kaenda kutangaza kijiji kizima kwamba nimepata mji nimesahau kwetu. Halafu leo jioni kapiga, kuna kijana kashapanda basi, kesho atashuka Mbezi. Sijaulizwa.

Nifunge mlango Shangazi? Nikifunga najiona sina tofauti na yule aliyehama Tandika bila kuaga. Nisipofunga ndoa inaenda.

Fundi, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole, na hongera pia maana naona hakuna aliyekwambia hongera kwenye hayo yote, wote wanakupa pole au wanakupa mzigo.

Barua yako nimeirudia na kuna kitu nimekiona ambacho nadhani we mwenyewe hujakiona. Ulivyoeleza yule mzee wa Kizaramo ulieleza alichokufundisha, kukata, kuunga, kukadiria. Mahali pa kulala umepataja kwa kupita tu, ulikuwa unalinda mashine, yaani hata kile kitanda ulikuwa unakifanyia kazi. Lakini ulivyoeleza unachowapa hawa vijana umeeleza sebule, mchele na umeme. Yule mzee hakukupeleka kwake akakulaza mlangoni kwa binti yake. Alikupa kazi mkononi. Na mshahara hakukupa, hilo mi silisifii hata kidogo na we usiliige, ila ufundi alikuachia wote bila kuficha. Sasa we umeshika kile ulichokikosa Tandika, godoro, ndo umekifanya kuwa msaada wenyewe. Naelewa kabisa kwanini. Mtu aliyelala njaa akipata huwa anapika chakula kingi kupita watu. Lakini kilichokutoa barazani ni ufundi, godoro lilikuja baadae ukalinunua mwenyewe.

Kwa hiyo mlango usifunge. Funga sebule.

Mkeo yuko sahihi, na naomba usilipitie hili haraka kama wanavyofanya wanaume wengi mkiandika humu, mnasema "mke wangu mvumilivu" halafu mnaendelea. Binti wa darasa la saba anakua, mwaka huu ana mtihani, hawezi kuvuka wanaume watano kwenda bafuni asubuhi hata kama wote ni watoto wa watu wema. Hapo hakuna mjadala. Tafuteni chumba jirani na karakana, chumba kimoja cha kawaida huko huko Mbagala, vijana wachange kodi. Wewe unaweza kulipa mwanzo maana wenye nyumba wa huku wanataka miezi kwa pamoja, ila iwe ni advansi yao wanakurudishia kwenye kazi, na waambie mbele ya mkeo. Kupika wapike wenyewe. Vijana wa Kigoma kupika dagaa na mawese wanajua, wasikudanganye.

La pili ambalo hukuniuliza ila nalisema. Mwambie mkeo ukweli wa ule mkopo, leo, kabla hamjaongea habari ya sebule. Akijua baadae kwamba simu haikudukuliwa atajiuliza mangapi mengine. Halafu hizo aplikesheni ziache kabisa, usikope huku ili ulipe kule. Benki Kuu mwaka 2024 ilitangaza orodha ya zisizo na leseni, angalia kama waliokukopesha wamo. Na lile la kutuma meseji kwa watu wote kwenye simu yako ni kukudhalilisha, sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na kuna Tume yake inapokea malalamiko, tunza hizo meseji usizifute kwa aibu. Deni lipo utalilipa, ila kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukutangaza. Ukihitaji hela ya dharura tafuta kikoba cha watu unaowajua, cha mtaani au cha mafundi wenzio, riba inabaki mifukoni mwenu.

Haya, tuje kwa kijana wa ng'ambo ya barabara.

Mwanangu unamkasirikia nini? Umesema mwenyewe alikuja hajui kushika grinda. Sa hivi ana fremu, ana wateja, shule inamwamini na madirisha yake. Wa Dodoma unamsifia, wa Kasulu unamsifia, huyu unamnunia, na kazi walizofanya ni zilezile, tofauti ni upana wa barabara tu. Kama ungetaka abaki saidia fundi wako milele basi usingemfundisha kukadiria. Najua oda ya shule inauma, hiyo ni hela, sikulaumu kuumia. Lakini hujaniambia kama ulishawahi kukaa nae chini mkaongea siku anaondoka. Hakuna mahali umeandika kwamba mlikubaliana atafanya kazi kwako mpaka lini, atalipwa nini akishaiva, akiondoka anaondokaje. Yeye kaondoka kimyakimya kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kuondoka. Huyo si msaliti.

Nenda kamsalimie. Usimpelekee maneno mengi, mwambie hongera, halafu mwongelee biashara. Bei anayoshusha leo itamtafuna yeye kwanza, pengine anatumia paipu nyembamba au hajihesabii nguvu zake, vijana wakianza wote wako hivyo, na hilo we ndo wa kumwambia maana we ndo mwalimu wake. Mkienda Gerezani kununua vyuma pamoja mnaongea na muuzaji vingine kuliko kila mtu na vipande vyake. Na oda ya shule nzima kwa mtu mwenye mashine moja ni mzigo, akizidiwa akigawa kazi amgawie nani kama we humsalimii? Mafundi wawili wa kwenu wanaotazamana barabarani wanaweza kuwa kijiwe kinachojulikana Mbagala nzima, mteja akija anajua hapa akikosa kwa huyu anapata kwa yule.

Sasa wale waliobaki. Sisi huwa tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, watu wanausema kama utani mgeni akikaa sana, lakini jembe kwenye huo msemo si tusi, ni heshima, maana yake sasa wewe ni wa humu. We vijana wako jembe hujawapa kwa mpangilio. Kaa nao mmoja mmoja, muulize anataka nini. Utashangaa, kati ya hao watano pengine wawili hawapendi kabisa kuchomelea, wapo tu kwa sababu ndo kazi ya mwenye nyumba. Mmoja anaweza kuwa na akili ya biashara ya mawese na dagaa, Kigoma mnavyo na Dar vinaliwa, huyo mpeleke sokoni kwa mtu unayemfahamu usimng'ang'anize kwenye cheche. Wanaobaki kwenye ufundi andikianeni, karatasi moja ya daftari inatosha, kipindi cha kujifunza, posho yake, siku ya kuanza kulipwa kama fundi. Mbele ya mjumbe kama mnaweza. Usiwalipe chakula tu kama ulivyolipwa.

Na kabla sijasahau, kila kijana ana miwani yake ya kuchomelea au anafumba jicho moja anageuza uso? Hilo nauliza kwa ukali. Macho hayauzwi Gerezani.

Wale walioiva wapeleke VETA, pale Chang'ombe waulize habari ya kutambuliwa ujuzi, huu mpango ni kwa ajili ya watu kama nyie mliojifunzia mtaani, unapimwa kwa vitendo, mapungufu unafundishwa, unapata cheti bila kuanza darasa kutoka mwanzo. Na wewe nenda nao. Fundi mwenye cheti shule haimwachi hivihivi, na tenda za halmashauri zinataka makaratasi. Vijana hao hao wakijiunga kikundi wakasajiliwa wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri, nyie mko Temeke, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024, anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini kikundi kiwe chao, mashine iwe yao, na we usiwe mwenyekiti! Nakujua wewe bila kukuona, utataka kuwalipia marejesho. Waache walipe.

Nakuja kwenye nyumbani, maana huku Dar unatibu, kule ndo ugonjwa unakotokea. Mama mdogo hana roho mbaya, anaona wewe ndo njia pekee aliyonayo. Kigoma kutoa vijana kwenda mbali hakukuanza na wewe, enzi za mkoloni babu zenu walienda Tanga kukata mkonge kwa mkataba, manamba, na walioingia Dar kutoka bara enzi hizo walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana na kuzikana, kila mtu anachanga, hakuna mtu mmoja aliyekuwa amebeba kabila zima sebuleni kwake. Watu wa Kasulu mko wengi hapa mjini, jiji hili kwenye sensa ya 2022 lilikuwa na watu 5,383,728 na waliozaliwa hapa si wote. Watafuteni wenzio, hata iwe mtu anaemiliki duka, dereva, mwalimu, muwe na umoja wenu wa kuchanga kidogo na kugawana wageni. Huyu ana nafasi ya kazi, yule ana chumba, mwingine anajua nani wa kumwona ofisini.

Halafu mpe mama mdogo masharti badala ya hapana, hapana ya kwenye simu kijijini inafika ikiwa imeongezwa chumvi. Mwambie mi napokea, ila mtu asipande basi kabla hajanipigia yeye mwenyewe tukaongea. Awe amefika miaka 18. Mtoto wa miaka 15 simtaki karakanani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumpa mtoto kazi za hatari na moto wa kuchomelea ni hatari, huyo abaki shule, serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne tangu 2016 na baadae wakaongeza cha tano na sita. Na la muhimu kuliko yote kwa mtu wa mkoa wenu, aje na cheti cha kuzaliwa na awe ameshajiandikisha kitambulisho huko huko, ambako mwenyekiti wa kijiji anamjua, baba yake yupo na kaburi la babu linaonekana. Wewe uliteseka miaka kwa sababu ulikuja kutafuta Dar ushahidi ulioko Kasulu. Hili peke yake ukiwaambia wazazi wa kijiji kile utakuwa umesaidia watoto wengi kuliko sebule yako ingeweza kubeba, na halikugharimu hata kilo ya mchele.

Usione aibu na yule wa Tandika pia. Hujui alihama kwanini, pengine na yeye alikuwa na sebule.

Mwezi huu gawa hivi, mkeo kwanza, ukweli wa deni, chumba cha vijana, salamu ng'ambo ya barabara. VETA na kikundi vitasubiri mwezi ujao.

Na huyo aliyeko njiani kamchukue. Kashapanda basi, hana kosa, nenda Mbezi stendi ya Magufuli mapema asije akapotelea mikononi mwa wapiga debe, mpe chakula, alale sebuleni na wenzie mpaka chumba kipatikane. Masharti yaanze na anayemfuata, na simu ya mama mdogo piga kesho hiyo hiyo, mpe kijana aongee nae kwanza aseme amefika salama, halafu ndo uchukue simu wewe.

Shangazi